Kuchora hibiskasi na jani la mgomba kwenye Inkscape mpaka vionekane vya kweli

Kadi za harusi siku hizi zote zina majani yaleyale ya monstera ya kudaunlodi, na monstera yenyewe kwao ni Mexico huko, wakati nje ya ukumbi mgomba upo na hibiskasi nyekundu imechanua ukutani. Kwahiyo leo tunachora hivyo viwili. Natumia Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, manake ni ya bure, ila wenye Illustrator mtafuata tu, zana ni karibu zilezile, majina na vitufe vya kubonyeza ndo tofauti.

Anza na picha, na upige mwenyewe, asubuhi au jioni. Jua la utosini linapiga kutoka juu moja kwa moja, ua linakosa vivuli vya pembeni na petali zinaonekana bapa kama zimepigwa pasi. Piga ya mbele na ya ubavuni, simu yoyote inatosha. Iingize kwenye Inkscape, iweke leya (tabaka) ya chini kabisa, punguza opasiti, yaani uzito wa kuonekana kwake, iwe nusu, funga hiyo leya isisogee. Afu ile kitu ya kutrace otomatiki, programu ikikuchorea picha yenyewe, achana nayo, itakupa mamia ya vipande vya rangi na hakuna hata kimoja utakachoweza kukirekebisha.

Petali za hibiskasi ya kawaida ni 5. Bonyeza B upate kalamu, zungushia petali moja, na weka nodi, yaani vile vidoti vya kushikia mstari, pale tu mstari unapogeuka, ukijaza nodi kila mahali ukingo unatoka na vigongo. Ukibonyeza N unaingia kwenye kurekebisha nodi, Shift+S inalainisha kona, Shift+C inaifanya iwe kali. Ukingo wa petali hii una mawimbi kwahiyo usiunyooshe sana.

Watu wengi wanachora petali moja halafu wanaizungusha nyuzi 72 mara tano, wanasema tayari. Hiyo ni logo bana. Zungusha ukitaka, lakini iwe mwongozo tu, halafu pita kwenye kila petali uibadilishe, iliyokuelekea wewe inaonekana fupi, nyingine imekunja ukingo, nyingine ndefu kidogo.

Sasa njoo kwenye sehemu inayowashinda wengi. Angalia hibiskasi vizuri, kila petali imemlalia jirani wa upande mmoja na yenyewe imelaliwa na jirani wa upande wa pili, duara zima hivyohivyo. Kwenye kompyuta hilo haliwezekani kirahisi manake vitu vinapangwa kimoja juu ya kingine, lazima kuwe na wa juu kabisa na wa chini kabisa, matokeo yake petali moja inaonekana imebebwa na zote na nyingine imekandamizwa pande zote mbili. Macho yanastuka hata kama mtu hajui kwanini. Dawa yake: maliza kwanza rangi na vivuli vya petali zote, kisha chukua ile ya chini kabisa, Ctrl+D uidabo, bonyeza Home iende juu. Chora umbo linalofunika ule upande tu inapotakiwa kumlalia jirani, chagua vyote viwili, nenda menyu ya Object, Clip, Set Clip. Hapo kipande tu ndo kinabaki juu na duara linafunga. Ua la plumeria nalo lina petali 5 zilizopishana kwa mtindo huohuo, ukijua hii umejua na ile.

Rangi. Jaza petali rangi ya kati, sio ile kali kuliko zote, ukianza na nyekundu iliyoshiba huna pa kwenda. Halafu chora maumbo ya kivuli na ya mwanga juu yake, Shift+Ctrl+F inafungua paneli ya rangi, humo kuna bla, yaani kufifisha kingo, ongeza mpaka umbo lijichanganye. Fanya grupu la hayo maumbo yote, ulibane na Set Clip kwa kopi ya petali ili yasimwagike nje. Kivuli usitumie nyeusi jamani, nyeusi inafanya ua lionekane limeungua. Kivuli cha nyekundu ni zambarau iliyoiva, na cha ua jeupe kinaenda kwenye bluu ya kijivu. Kumbuka pia kila petali inamwangushia jirani kivuli chembamba pale ilipomlalia, bila hicho zitaonekana kama stika.

Mishipa ya petali inaanzia kooni inatawanyika kwenda ukingoni. Kwenye kalamu, juu pale pameandikwa Shape, chagua Triangle in, mstari utatoka mnene mwanzo na kuisha kama unywele. Opasiti iwe ndogo sana.

Ule ulimi wa katikati ndo unaoliuza ua. Ni mrefu, umechomoza nje, vinyuzi vyenye chavua ya njano vimekaa sehemu ya juu tu, na kwenye ncha kuna vidoti 5. Watu wanausambazia chavua mpaka chini, sio. Na wenyewe uangushe kivuli juu ya petali, kiende upande uleule wa vivuli vingine.

Jani la mgomba ni rahisi kuliko unavyodhani. Siri iko kwenye uti wa katikati, nusu moja ya jani imeinamia huku na nusu nyingine kule, kwahiyo haziwezi kupata mwanga sawa. Chora jani zima, chora umbo lililofungwa linalofunika nusu, vichague vyote bonyeza Ctrl+/ na jani linagawanyika. Nusu moja ipe kijani cha njano, nyingine kijani kizito. Mishipa ni mingi, inatoka kwenye uti kwenda ukingoni ikiwa sambamba, na upepo unalichana jani kwa kufuata hiyo mishipa, kwahiyo michaniko lazima ielekee kulekule, ukichana ovyo litaonekana limeliwa na mbuzi. Michaniko mitatu minne isiyolingana urefu inatosha. Juu ya jani panang'aa, ila mng'ao huo ni anga limejiakisi, uwe mweupe wenye bluu kidogo. Jani likiwa limesimama kati yako na jua, geuza hesabu: mwanga unapita ndani yake, linakuwa kijani cha njano kilichowaka na mishipa inabaki myeusi kidogo.

Kuna gradienti ya meshi pia, yaani wavu wa nodi ambao kila nodi ina rangi yake na rangi zinachanganyika katikati, ilikuja kwenye Inkscape 0.92 mwaka 2017, inatoa petali laini sana lakini mimi siipendi kwa kazi za haraka, kusogeza kila nodi ya rangi ni kazi ya kuchosha na brauza kwa kawaida hazijui kuionyesha ukiacha faili ikiwa SVG, aina ya faili ambayo Inkscape inahifadhia michoro. Bla nazo zikizidi laptopu inaanza kuvuta, zima leya ambazo hufanyii kazi.

Kama kazi inaenda kuprintiwa toa PNG (faili ya picha) ya dpi 300, yaani vidoti 300 kwa kila inchi, kwa saizi kamili ya kadi, na omba fundi akutolee nakala moja ya majaribio kwanza, manake nyekundu na kijani zinazowaka kwenye skrini zikifika kwenye karatasi hupoa, na ni heri uziongeze kabla hajatoa kadi mia tatu.