Jinsi ya kuomba ufadhili wa kumbukumbu kwa masomo ya usanifu wa meli ukiwa Mwanza

Kuna aina ya ufadhili ambayo vijana wengi wa Kanda ya Ziwa hawaijui: ule unaoanzishwa kwa kumbukumbu ya mhandisi aliyefariki baada ya miaka mingi ya kulea wanafunzi wa usanifu wa meli. Familia yake, wenzake kazini na wale aliowafundisha huchanga fedha na kuzikabidhi kwa chuo au chama cha kitaaluma, kisha kila mwaka mwanafunzi mmoja au wachache husaidiwa ada. Mara nyingi maombi husomwa na watu waliomjua marehemu au waliofundishwa naye. Liweke hilo moyoni tangu mwanzo, maana ndilo litakalokuongoza kwenye karibu kila hatua.

Pa kuanzia ni vyama vya wasanifu wa meli. Cha Uingereza, RINA, kilianzishwa London mwaka 1860. Cha Marekani, SNAME, mwaka 1893. Vyote viwili hupokea wanafunzi kuwa wanachama, na SNAME huwataka waombaji wa ufadhili wake wawe wanachama kwanza. Ukishaangalia huko, pitia kurasa za vyuo vinavyofundisha fani hii, kama Southampton, Strathclyde kule Glasgow au Michigan. Soma masharti hadi mstari wa mwisho: uraia, ngazi ya shahada, na kama lazima uwe umeshadahiliwa. Ufadhili usiomhusu Mtanzania uache siku hiyohiyo, usiupotezee wiki.

Ukipata unaokufaa, msome marehemu mwenyewe. Alibuni meli gani, alifundisha nini, wanafunzi wake wanamkumbuka kwa lipi? Usifanye hivyo ili umsifie kwenye maombi. Kamati hiyo imeshasikia sifa zake zote. Fanya hivyo ujue walikuwa wanathamini nini. Kama alikuwa mtu wa kushinda karakanani na wanafunzi, watamtafuta kijana aliyeshika nyundo na futi. Kama alikuwa mtu wa hesabu za mawimbi, watatazama hesabu zako.

Sasa nyaraka, na hapa ndipo wengi hukwama. Chukua cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na vyeti vya NECTA (baraza la mitihani), uvipange mezani na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Jina la ukoo likiwa na herufi moja tofauti, au jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, nenda kwa wakili mapema ukaandikishe hati ya kiapo, au hati ya kubadilisha jina ikibidi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Nakala zote zigongwe mhuri wa wakili, kisha uziskani kwa rangi kwenye stesheneri nzuri. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kitanda inaonyesha mtu asiyejali. Kama unasoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam au chuo kingine, omba transkripti kabla watu hawajaenda likizo.

Insha ndiyo moyo wa maombi, na mtoto wa Mwanza ana utajiri usiokuwapo darasani Ulaya. Lakini utajiri huo hauna budi kufanyiwa kazi. Karibu kila mwombaji kutoka huku ataanza na meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, au kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu kabisa na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ni haki kuzitaja. Wapo abiria wa MV Bukoba waliozikwa pale Igoma ambao familia zao ni majirani zetu. Ila kamati ya wahandisi inataka kusikia zaidi ya majonzi: inataka kujua kama unaelewa kwa nini chombo chenye nafasi ya abiria 101, kama MV Nyerere, kinakuwa hatari kikibeba watu kupita kiasi, na kwa nini hatari huzidi watu hao wakisogea upande mmoja.

Njia bora ninayoifahamu ya kuonyesha kwamba unaelewa ni kupima mwenyewe. Mwombe mwenye mtumbwi pale mwaloni Kirumba akuruhusu kufanya jaribio la kuinamisha, asubuhi ziwa likiwa limetulia, kamba zikiwa zimelegea, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea. Ning'iniza timazi yenye uzi wa mita 1 katikati ya chombo. Hamisha mfuko wa mchanga wa kilo 50 umbali wa mita 1 kutoka kushoto kwenda kulia, kisha pima timazi imesogea kiasi gani. Tuseme mtumbwi pamoja na vyote vilivyomo una kilo 1,000, na timazi imesogea sentimita 7. Zidisha 50 kwa 1, kisha gawanya kwa jibu la 1,000 mara 0.07 (sentimita 7 kwa mita): unapata mita 0.71 hivi. Huo ndio urefu ambao wasanifu wa meli huuita GM, kipimo cha chombo kujirudisha wima kikiinama kidogo. Ukipungua sana chombo kinakuwa kizito kurudi. Ukishuka chini ya sifuri hakiwezi tena kusimama wima.

Rudia jaribio mzigo ukiwa juu zaidi, kwa mfano umepangwa juu ya mabenchi badala ya kulala ngamani, chini kabisa ya chombo, uone namba inavyoshuka. Andika ulichopima, ulivyokadiria uzito wa chombo, na pale unapodhani kipimo chako kina kasoro. Weka mchoro uliouchora kwa mkono wako, hata kama hujui programu yoyote ya kuchorea. Ukurasa mmoja wa namna hii una uzito kuliko kurasa tatu za kusema unaipenda fani tangu utotoni.

Barua ya mwalimu ina uzito wa kipekee katika ufadhili huu, kwa kuwa anayekumbukwa alikuwa mlezi. Usikimbilie mkubwa wa cheo asiyekujua. Mwalimu wa fizikia aliyekuona ukiwaelekeza wenzako jioni, au fundi mkuu wa karakana uliyofanyia mafunzo kwa vitendo, atasema mambo ambayo mkurugenzi hawezi. Mfuate kwa adabu, mpe mwezi mzima, mwachie nakala ya insha yako na masharti ya ufadhili, na umkumbushe bila kumsumbua. Akikuambia, "Mwanangu, Kiingereza changu cha barua ni kidogo," mwombe aandike kwa Kiswahili, kisha uulize kamati kama inapokea tafsiri iliyothibitishwa.

Kutuma ni kazi fupi, ila angalia saa ya mwisho ya kupokea maombi ni ya nchi gani. Saa sita usiku ya London wakati wa baridi ni saa tisa usiku Mwanza. Ya New York ni saa mbili asubuhi. Tuma siku kadhaa kabla, na uhifadhi ujumbe wa kupokelewa.

Ukichaguliwa, uliza kwa maandishi fedha zitalipwa kwa nani na lini, maana nyingi huenda moja kwa moja chuoni. Tiketi, viza na chakula cha mwezi wa kwanza vinaweza kubaki juu yako. Peleka barua ya udahili Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuomba cheti cha kutokuwa na pingamizi. Barua hiyohiyo itakufaa Uhamiaji, ambako pasipoti ni shilingi 150,000 na hutakiwa ushahidi wa safari pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake. Cha mzazi kitafute sasa hivi, kabla hata ya kuanza insha, hasa kama alizaliwa kisiwani na hakuwahi kuandikishwa.