Guid, gude, gid: navyooanisha tahajia za Kiskoti nikiwa Moshi

Kazi hii nilijifunzia kwenye daftari la kahawa, si kwa Waskoti. Chama kimoja cha msingi huku mlimani kiliniomba nipange majina ya wakulima. Lyimo, Limo, Lymo, wote mtu mmoja. Karani alikuwa anaandika anavyosikia. Nikatumia Soundex, kanuni iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918: unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu, na konsonanti zinazokaribiana kwa sauti unazipa namba moja. Lyimo na Limo wakatoka L500, nikafurahi. Kumbe Mushi, Mosha, Massawe na Mmasi nao wametoka M200, wote gunia moja! Siku ya malipo bibi mmoja akanijia na stakabadhi zake mkononi, kilo zake zimeingia kwa jirani. Baada ya "shikamoo bibi" sikuwa na neno lingine.

Ndiyo maana nilipopata kazi ya mtandaoni ya kupanga maneno ya Kiskoti, niliingia kwa adabu. Kiskoti, lugha ya Uskoti, ni ndugu wa Kiingereza na hakina tahajia moja rasmi. Neno lenye maana ya "nzuri" utalikuta guid, gude, hata gid. Mtu wa Glasgow akiandika whit, wa Aberdeen ataandika fit, na wote wanauliza "nini". Maandishi ya kale yana quhat. Soundex hapo imekwama mapema, maana inashikilia herufi ya kwanza: W300, F300, Q300.

Anza na kamusi. Dictionaries of the Scots Language iko wazi mtandaoni, na chini ya kila neno imeorodhesha namna lilivyoandikwa. Oanisha kwanza yale ambayo kamusi imeshayaoanisha, mashine uiachie masalia.

Kisha andika kanuni za sauti kwenye jedwali dogo. Quh igeuze kuwa wh kote, haina ubishi. F ya mwanzo usiiguse hivyo hivyo. Fower ni "nne" na f yake ni halali. Iwekee alama tu kwamba huenda ni wh.

Sasa ndipo upime umbali. Kipimo cha Levenshtein, Mrusi aliyekitoa mwaka 1965, kinahesabu herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili neno moja liwe lingine. Kikiwa kitupu kinadanganya. Hoose ni nyumba, moose ni panya, umbali wao 1. Hoose na hous ni neno lilelile, umbali 2. Ukikiamini, panya anahamia kwenye safu ya nyumba.

Mimi nilibadilisha bei. Kugusa irabu, iwe kuongeza, kufuta au kubadilisha, ni 0.3, kugusa konsonanti ni 1. Hesabu upya: hoose na hous wanakuwa 0.6, guid na gude 0.6, panya anabaki na 1 yake. Nikaweka kikomo 0.7, umbali ukizidi hapo siunganishi. Bei hizi si msahafu, nilizipata kwa kujaribu. Chukua jozi 200, ziamue mwenyewe kwa macho kabla ya kuendesha programu, halafu uone mnapishana wapi.

Mtapishana kwenye gaed. Maana yake ni "alikwenda", lakini kwa bei zangu iko 0.6 kutoka guid, kwa hiyo inapenya. Hapa herufi hazikusaidii tena, tazama majirani. Gaed hupenda kufuatwa na tae, neno la kuonyesha mahali mtu anakokwenda. Guid hukaa kabla ya nomino. Hesabu neno lililotangulia na lililofuata katika kila sentensi. Wasiolingana majirani, usiwaunganishe hata kama umbali ni mdogo. Fit ni mbaya zaidi, kwani kwa mtu wa Aberdeen ni "nini" na pia ni "mguu". Hiyo nilisoma sentensi moja moja, na siku umeme ulipokatika nikaendelea kwenye karatasi.

Jambo moja zaidi: tahajia ya asili usiifute. Iache kwenye safu yake, ile uliyoisanifisha iweke safu ya pembeni. Kwenye daftari la kahawa niliandika juu ya majina ya zamani, na kumrudishia bibi kilo zake kulinichukua wiki mbili za kupekua stakabadhi.