Kuusoma Utendi wa Mwana Kupona kama wasia

Wengi huujua utendi huu kwa hesabu za darasani: beti 102, mishororo minne kila ubeti, mizani nane kila mshororo. Hesabu hizo zina kazi yake, ila hazikwambii ufanye nini kesho asubuhi. Mwana Kupona binti Msham, mwenyeji wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu kisiwani humo, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwachie bintiye Mwana Hashima maneno ya kuishi nayo. Karibu na mwisho anawataka wanawake wote wausome na wafahamu maana yake.

Usiumalize kwa mkao mmoja. Soma beti tatu hadi tano, kwa sauti, mara mbili. Kiamu, yaani lahaja ya Lamu iliyotumika kuutunga, kisikutishe: ndoo ni njoo, kwanda ni kwanza, ndia ni njia. Kisha funga kitabu, useme ulichosoma kwa maneno ya nyumbani kwako. Ukijikuta unarudia maneno yaleyale ya ubeti, bado hujaelewa. Rudi usome tena.

Sasa chagua ubeti mmoja tu. Tuseme ule unaoanza “Pili uwa na adabu, na ulimi wa thawabu”. Mtunzi anaongeza kwamba hivyo binti atapendwa kila atakapoingia. Basi jiulize: kesho naingia wapi? Ofisini, kwa mawifi, kwenye kikao cha harusi? Andika kitendo kimoja chenye mtu na mahali: “Shangazi akianza kunisema kikaoni, nitamwacha amalize ndipo nijibu.” Ukiandika “nitakuwa na adabu”, hujaandika kitu, maana jioni huwezi kujua kama umefanya au hukufanya.

Kosa baya zaidi ni kumsomea mwingine. Wapo waume wanaoruka kila kitu hadi beti za kumridhi mume, wakazituma kwa wake zao. Mtunzi ametaja radhi tano: ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anayeng’ang’ania ya tano peke yake hajasoma wasia, ametafuta fimbo. Mume akitaka faida, aulize yeye mwenyewe anadaiwa nini na zile nne.

Si kila ubeti ni wa kufuatwa. Anapomkataza bintiye kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi, anasema kama mwungwana, yaani mtu huru asiye mtumwa, wa Siyu ya karne ya 19. Usiugeuze uwe usemi mtamu kuhusu marafiki wabaya. Andika pembeni “hili silichukui” pamoja na sababu, usonge mbele.

Baada ya wiki rudi kwenye ubeti wako. Kama kitendo kilishindikana, kipunguze. Kama kilifanyika lakini kikaleta ugomvi, huenda ulielewa vibaya, na hapo ndipo uchambuzi unapofaa: tazama ubeti uliotangulia na unaofuata, angalia neno gani limewekwa pale kwa ajili ya kina tu, yaani ili silabi za mwisho zilingane, kisha lisome agizo upya.