Tafuta sharti kabla ya kuhakiki hesabu

Mtu anapotumia fizikia kuamua mjadala wa fani nyingine, usianze kwa kuhakiki hesabu zake, kwani mara nyingi huwa sahihi. Tafuta kwanza sharti ambalo hesabu hizo zimelichukulia kuwa kweli. Mwaka 1862 mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikokotoa umri wa Dunia kutokana na kupoa kwake, akapata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, muda ambao wanajiolojia wengi waliuona mfupi mno. Hesabu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kudhani kwamba joto la ndani husafiri kama katika jiwe gumu lisilosogea, dhana ambayo John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, aliihoji mwaka 1895, akionyesha kwamba joto likisafiri kwa wepesi zaidi huko ndani, umri huo huongezeka maradufu kwa maradufu. (Leo unakadiriwa kuwa miaka bilioni 4.5.) Vivyo hivyo, anayeleta katika uchumi au biolojia kanuni ya pili ya thamodinamiki (kwamba mvurugiko wa mfumo uliotengwa na nje haupungui) aonyeshe kwanza kwamba mfumo anaouzungumzia haupokei nishati kutoka nje, kwani shamba la mahindi, kwa mfano, linaipokea kutoka kwa Jua kila siku.