Somo: Kuchagua Subaru ya turbo iliyozeeka kwa safari za kila siku

Kila wiki napokea picha tatu za nje, moja ya usukani, na swali moja: "Boss, hii ni poa?" Picha haina joto wala sauti, siwezi kukujibu. Nimeandika yote hapa. Ukiniuliza tena nitakutumia somo hili bila salamu.

Tuelewane jambo moja kwanza. Gari la 2003 au 2005 huliagizi tena kutoka Japani. Sheria ya Kenya, inayokataa gari lililozidi miaka minane, imelifungia bandarini. Unanunua la hapa hapa, lenye wenyewe wanne au watano nyuma yako, na lolote lililoharibika limeharibikia kwenye barabara zetu.

1. Soma namba ya chasi, si nembo. GDA ni Impreza WRX, GDB ni Impreza STI, ile kali zaidi, SG5 ni Forester ya lita 2, BL5 na BP5 ni Legacy, sedani na steshenwagoni. Nembo ya waridi ya STI huuzwa peke yake na gundi yake. SG5 nyingine hazina turbo kabisa, kwa hiyo fungua boneti uone intakula, kipoza hewa ya turbo, kwa macho yako. Tundu la boneti lisikudanganye. Mtu wa kutoka Njoro kuingia Nakuru mjini kila asubuhi, mimi ningempa SG5 ya turbo na gia za mkono. Injini ni ndugu ya ile ya WRX, na matuta hayakwangui tumbo. STI ya Japani iliandaliwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100. Pampu zetu za kawaida hazifiki hapo, na injini iliyoongezwa presha ya turbo juu ya hayo hujipiga nyundo yenyewe, petroli ikilipuka kabla ya wakati.

2. Karatasi. Nunua rekodi ya gari kwenye eCitizen, kisha linganisha namba ya injini na ile iliyochongwa kwenye bloku, juu karibu na giaboksi. Subaru nyingi zimebadilishwa injini. Si dhambi. Shida ni logibuku iliyoachwa na namba ya zamani.

3. Kutu. Matao ya magurudumu ya nyuma, kwa kidole, upande wa ndani.

4. Injini ikiwa baridi kabisa. Hapa niliwahi kukosea na ikanigharimu injini nzima, kwa hiyo hapa sifupishi. Mwambie muuzaji unafika saa moja asubuhi na gari lisiwashwe kabla. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti, kisha ushike lile tangi dogo la maji lililo juu ya injini. Likiwa na uvuguvugu, aga uende. Kuna kitu anakificha, na huna haja ya kujua ni kipi.

Likiwa baridi, bonyeza paipu ya juu ya rejeta. Inatakiwa iwe laini. Ikiwa ngumu asubuhi yote hiyo, au ukifungua kofia ya tangi ipulize "fss", kuna gesi ya mwako iliyoingia kwenye maji jana na ikalala humo. Halafu tazama chupa ya akiba. Tangi likiwa limepungua huku chupa imejaa hadi shingoni, maji yanasukumwa nje na hayarudi. Kofia iliyochoka huleta dalili hiyo hiyo, na ndiyo maana utaambiwa "ni kofia tu, boss". Sawa. Abadilishe kofia, mkutane wiki ijayo.

ONYO: kofia hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Na turbo hizi zina kofia mbili, ya tangi na ya rejeta, ambazo presha zake si sawa. Fundi akizibadilishana, utahangaika na joto miezi bila kujua chanzo.

Sasa washa. Mlio mkavu wa kugonga unaopotea joto likipanda ni pistoni, na injini hizi huishi nao miaka. Mlio wa kugonga unaoongezeka injini ikipata moto ni beringi ya konrodi, mkono unaoshika pistoni. Ikishapata moto, panda hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, achia ghafla, sikiliza inaposhuka. Ukisikia ko-ko-ko, usijadili bei. Ondoka.

5. Mlima. Kuzunguka mtaa wa Section 58 hapa mjini dakika kumi si majaribio. Panda Salgaa hadi Mau Summit, AC ikiwaka, watu wazima wanne ndani. Soma joto kwa namba kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, si kwa sindano ya dashibodi. Sindano ya Subaru hukaa katikati kwa utulivu hata mambo yakiwa yameanza kuharibika. Kati ya 85 na 98 ni sawa. Ikivuka 105 na kuendelea, simama. Kumbuka hapa Nakuru, karibu mita 1,850, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yaani joto la kawaida la injini linafikia au kupita hapo, na kinachozuia mchemko ni ile presha ya kofia. Ukifika juu, acha injini ing'urume utazame chupa ya akiba. Mapovu mawili matatu yanaweza kuwa hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeshindwa.

6. Matairi. Yote manne yawe aina moja na kina kinachokaribiana, tofauti isizidi milimita moja na nusu. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kwenye lami kavu. Gari likikaza kama limeshikwa breki, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, imepikwa na matairi ya kuchanganya.

7. Ukishanunua, badilisha mkanda wa taimingi hata ukiapiwa ni mpya. Mkanda, tensheni, roli zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Ni kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Themostati, valvu ya maji ya injini, weka ya Subaru yenyewe. Oili kila kilomita 5,000, dipstiki kila unapojaza tangi. Robo ya bei ya gari iwe mfukoni kwa kazi hizi kabla ya kulipia gari.

MASWALI

kaptembwo_turbo: Boss nimepata WRX 2004, inatembea poa sana, mwenyewe ni mtu wa heshima. Nichukue?

Jibu: Hatua ya 4.

kaptembwo_turbo: Nimesoma lakini alikuwa ameiwasha kuitoa kwa geti.

Jibu: Basi hujaikagua. Rudi kesho.

nyar_mamboleo: Niko Kisumu, mlima wa Salgaa ni mbali. Nipimie wapi? Na joto la huku halibadilishi hesabu?

Jibu: Swali zuri, dada. Panda Mamboleo hadi Kiboswa, ni mfupi lakini ni mkali. Ukirudi, ingia Kondele jioni foleni ikiwa imejaa, AC ikiwaka, dakika 15. Mlima hupima gasketi na rejeta, foleni hupima feni. Sikiliza feni zote mbili zikiwaka. Joto likipanda foleni tu na kushuka ukianza kutembea, tafuta feni au rejeta iliyoziba kabla ya kulaumu hedi. Huko chini maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo una nafuu kidogo kuliko sisi.

fundi_lanet: Naongeza. Fundi akimwaga maji ya injini ajaze kupitia tangi la juu, polepole, hita ikiwa kwenye moto kabisa. Nusu ya "gasketi" zinazoletwa gereji ni hewa tu.

Jibu: Asante. Hilo nilipaswa kuliandika.

mwana_wa_kericho: Kidude changu cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, hakishiki kwenye GDA ya 2002. Gari ni mbovu?

Jibu: Si mbovu. Subaru nyingi za Japani za miaka hiyo haziongei lugha ya vidude vya bei rahisi. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Subaru, mlipe aende nawe mlimani.

mzee_wa_lita: Subaru ni kuchoma pesa. Mark X ndiyo gari. Unalipwa na nani?

Jibu: Kichwa cha somo kinasema Subaru. Lakini kwa faida ya wengine: Mark X ya kwanza ya 2.5, injini 4GR, ina cheni badala ya mkanda, na kwa safari za kila siku inachosha fundi kidogo. Dosari yake ni kaboni inayoganda kwenye valvu za hewa, kwa sababu petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ikitetemeka ikiwa imesimama, anzia hapo. Unywaji wa mafuta sibishi. WRX mjini hesabu kilomita 7 kwa lita.

njoro_gti: Na Golf GTI ya 2006?

Jibu: Uliza vitu viwili. Oili ya giaboksi ya DSG, ile inayobadilisha gia yenyewe, ilibadilishwa lini, ni kila kilomita 60,000. Na kile kikombe kidogo kinachokaa kati ya kemshafti, mhimili unaofungua valvu, na pampu ya petroli ya presha. Kikitoboka kinakula kemshafti. Kukitoa ni kazi ya muda mfupi, kikague kabla ya kununua.

nyar_mamboleo: La mwisho. Turbo taima, ile inayoacha injini iwake kidogo baada ya kutoa ufunguo, ni lazima?

Jibu: Hapana. Turbo hii inapozwa kwa maji pia. Kilomita mbili za mwisho endesha taratibu, inatosha. Ukisimama ghafla baada ya kupanda mlima, iache dakika moja kabla ya kuzima. Ukichukua Legacy GT, mwambie fundi akague kichujio kidogo kilicho ndani ya bolti ya paipu ya oili ya turbo. Kikiziba, turbo inakosa oili na kufa hata dipstiki ikiwa imejaa.

kaptembwo_turbo: Nimerudi leo saa moja. Ilikuwa baridi. Paipu ya juu ilikuwa ngumu kama mti.

Jibu: Hapo sasa umekagua. Tafuta nyingine, na ukiipata niambie namba ya chasi inaanza na herufi gani.