Nyonga ya mtoto haionekani kwenye damu, icheki hivi

Jamani hili swali naulizwa sana na kina mama wenzangu, eti kipimo gani cha damu kinaonyesha kama nyonga ya mtoto haijakaa sawa. Hakuna. Mdogo wangu mwanae akiwa na miezi miwili alitolewa damu vichupa vitatu, hela imeenda, majibu yote safi na mguu wa kushoto bado ukawa haufunguki. Tatizo ni la umbo, kikombe cha nyonga kinakuwa hakina kina cha kutosha, kichwa cha mfupa wa paja kinateleza, sasa damu itajuaje?

Anzia nyumbani ukiwa unabadilisha pampasi. Mlaze chali pasipobonyea, kunja magoti yote mawili, nyayo ziguse chini karibu na matako afu inama uangalie kwa mbele. Goti moja likiwa chini kuliko lenzake, nenda kliniki. Yakilingana usishangilie bado, maana nyonga zikiwa zimetoka zote mbili magoti yanalingana vilevile, kwa hiyo panua mapaja taratibu kama chura uone kama kuna upande unagoma, au yote yanagoma. Mikunjo ya paja kutofanana peke yake isikupe presha, watoto kibao wazima wanayo. Ile ya kusukuma nyonga itoke na kurudi, Ortolani na Barlow, mwachie daktari, usijaribu kabisa.

Ukifika mwambie hata asipouliza: mtoto alikaa kwa matako tumboni (hata kama ulizaa kwa opareshen), kuna ndugu aliwahi kuwa na nyonga hivyo, ni wa kike, ni wa kwanza. Akiwa chini ya miezi minne omba altrasaundi ya nyonga, mara nyingi wanapiga kwenye wiki ya 6, kwa sababu kichwa cha paja bado ni gegedu (mfupa laini ambao haujakomaa) na eksirei haikioni. Kuanzia miezi 4 mpaka 6 ndo eksirei inasaidia.

Damu ina siku yake. Mtoto ana homa, ukigusa mguu analia, hausogezi, hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya jointi, nenda siku hiyohiyo hata kama ni usiku, hapo ndo watacheki seli nyeupe, CRP (hupanda mwilini kukiwa na maambukizi) na kuotesha damu waone kama ina vijidudu.

Na bibi akitaka kumfunga khanga miguu inyooke eti asipate matege, mkatalie kwa adabu. Kumbeba mgongoni miguu imepanuka ndo nyonga inapenda.

Akipewa mikanda ya Pavlik (inashikilia mapaja yakiwa yamekunjwa na kupanuka ili nyonga ikae sawa) atakaa nayo wiki 6 hadi 12 hivi, usimvue mwenyewe hata kwa kuoga mpaka uambiwe, mfute na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na chini ya mikanda mvalishe soksi ndefu isimchubue nyuma ya goti.