Kufufua boti ya jeti ya mtumba ukiwa Nairobi: chunguza pampu kabla ya kufungua injini

Ukinunua boti ya jeti ya mtumba hapa Nairobi, yaelekea fundi wa kwanza kuigusa atakuwa fundi wa magari, naye atakimbilia injini kwa sababu ndiyo anayoijua. Lakini boti hii husukumwa na pampu inayonyonya maji chini yake na kuyarusha nyuma. Pampu ikiwa mbovu, hata injini iliyotoka kiwandani jana haitakufikisha popote. Naandika baada ya kumsaidia mzee mmoja wa Lang'ata aliyenunua boti ya futi 19 iliyotokea Dubai. Injini yake ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya kwa gharama kubwa, na bado boti ilikuwa inajikokota majini.

Maelezo haya ni ya boti ndogo za aina ya Yamaha na Sea-Doo, ambazo injini zake ni ndugu wa zile za pikipiki za majini. Boti yenye injini ya V8 ya gari na pampu ya Hamilton ina taratibu zake, usifuate hatua yangu ya nne kwa boti hiyo.

Hatua ya 1: Trela

Watu huacha trela hadi mwisho, mimi naanza nalo, maana ndilo litakalokushusha bondeni hadi Ziwa Naivasha. Angalia kichwa cha kuvutia. Matrela ya Kimarekani hutengenezewa mpira (lile tufe la chuma nyuma ya gari) wa inchi 2, yaani milimita 50.8, na magari mengi ya hapa yana mpira wa milimita 50. Kwa macho vinalingana, lakini kichwa huwa na uchezaji. Badilisha mpira wa gari, usikaze tu kichwa ukatumaini.

Kisha fungua beringi za magurudumu zote, zioshe na upake grisi ya majini. Grisi ya kawaida ikiingiwa na maji haikai. Ukishuka Mai Mahiu huku ukishika breki, vikombe vya magurudumu hupata moto sana, na ukirudisha trela ziwani hapohapo hewa ya ndani hupoa ghafla, hujikunja na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Ukifika Naivasha, kunywa chai kwanza. Weka kiganja kwenye kikombe cha gurudumu. Kama hakikai, maji yasubiri.

Hatua ya 2: Ngama

Fungua kifuniko cha injini na uangalie ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Watu wa Pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa boti ya mtumba ndivyo ilivyo hasa: kila kinachovuja huishia pale. Ukikuta oili, petroli au chumvi iliyoganda, tafuta kinakotoka kabla ya kufuta. Chumvi ina maana boti ilifanya kazi baharini na haikuoshwa, na hapo ujiandae kwa bolti zilizoshikana.

Maji yenye oili usiyamwage ziwani wala mtaroni. Ziwa Naivasha liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo ya ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1995, na watu wengi hulitegemea kwa riziki. Yafute kwa vitambaa, uyaweke kwenye mtungi.

Hatua ya 3: Betri, oili, plagi, petroli

Badilisha vyote, pamoja na filta. Petroli iliyokaa tangini tangu boti isafirishwe itoe yote. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo.

Jambo moja tu la kuangalia zaidi: kama ni Sea-Doo yenye injini ya Rotax ya kusukumiwa hewa kwa supachaja, uliza supachaja ilifunguliwa lini. Za miaka ya zamani zilikuwa na washa za kauri, yaani vijiringi bapa, ambazo huvunjika na vipande vyake vikaingia kwenye oili. Asiyeweza kukuonyesha risiti ya kuzibadilisha kwa za chuma, chukulia kwamba hazijabadilishwa.

Hatua ya 4: Kuwasha ikiwa juu ya trela

Washa feni ya kutoa mvuke kwa dakika 4 kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, na cheche moja ya starta inatosha. Nusa pia kwa pua yako mwenyewe.

Unganisha mpira wa maji kwenye tundu la kusafishia, usifungue bomba bado. Mpangilio ni huu: injini iwake kwanza, ndipo maji yafunguliwe. Wakati wa kuzima, maji yafungwe kwanza, uipe injini mafuta kidogo mara mbili tatu itapike maji yaliyobaki, ndipo uizime. Sababu yake ni kwamba maji hayo huingia kwenye ekzosti. Injini ikiwa imezimwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hivyo hujaa na kurudi hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi. Ukipiga starta, kitakachokubali kupinda ni mkono wa pistoni.

Iwake kwa dakika chache tu. Sili ya shafti hupozwa na maji ya ziwa, na huo mpira wako hauifikii.

Hatua ya 5: Pampu

Kwanza tambua ugonjwa. Ukiwa majini, sukuma mkono wa mafuta hadi mwisho na utazame mshale wa mizunguko. Mshale ukipanda haraka hadi kwenye kikomo huku boti ikijikokota, injini ni nzima na pampu ndiyo haishiki maji. Mshale ukikataa kupanda, hapo ndipo urudi kwa injini na mafuta. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kingemwokolea yule mzee pesa nyingi kabla injini haijafunguliwa. Aliponiuliza, "Fundi, sasa hii injini ina shida gani?" ilinibidi nimjibu kwamba haina.

Pampu isiyoshika maji ina sababu nne za kawaida. Zifuate kwa mpangilio huu, kuanzia ya bei rahisi.

Takataka. Ondoa kamba ya ufunguo wa usalama, ule unaozima injini ukichomoka, tenganisha betri, ndipo uingize mkono chini kupitia kwenye wavu wa kunyonyea maji. Usiruke hayo mawili hata ukiwa na haraka. Tafuta kamba, magugu maji au nyuzi za wavu wa samaki zilizojizungusha kwenye shafti. Nyuzi nyembamba huzioni. Pitisha kidole kuzunguka shafti polepole. Boti hizi zilianza New Zealand miaka ya 1950, pale Bill Hamilton alipotaka chombo cha kupita kwenye mito yenye maji haba, na ndiyo maana watu hudhani zinaweza kupita popote. Kweli hupita, lakini pampu hunyonya mchanga na changarawe za hapohapo chini.

Mabapa ya impela. Impela ni ile feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji. Mulika kwa tochi kutoka nyuma na kutoka chini. Ukingo wa mbele wa kila bapa unapaswa kuwa laini. Vidonda vidogo visawazishe kwa tupa ya duara, kwa mkono. Bapa likiwa limepinda au limemegeka, nunua impela nyingine, na ikiwezekana iwe ya chuma kisichoshika kutu kuliko ya alumini. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi nawaheshimu na vifaa vyangu vingi vimetoka mikononi mwao, lakini impela isichomelewe. Ikizidi uzito upande mmoja kidogo tu, kwa mizunguko elfu saba kwa dakika itakula beringi.

Ringi ya pampu. Hii ndiyo inayozunguka impela, na nafasi kati yake na ncha za mabapa ni ndogo mno. Chukua fila, ile ya kupimia valvu za gari, upime kila bapa juu, chini na pande zote mbili. Ikizidi nusu milimita naanza kuwa na wasiwasi. Ikifika milimita moja sina mjadala tena. Kwa Sea-Doo nyingi ringi ni ya plastiki ngumu na hubadilishwa peke yake. Kwa Yamaha ni bati lililo ndani ya nyumba ya impela, kwa hiyo mara nyingi unanunua nyumba nzima. Mifereji ya kuzunguka ndani ya ringi ni alama ya mawe. Usikubali kuambiwa ringi ijazwe kwa gundi ya epoksi, haidumu.

Hewa. Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipoishia, na hapa ndipo nakuomba usome polepole. Pampu ya jeti ni kama mrija wa soda: ukiwa na tundu ubavuni, utavuta hewa badala ya soda. Impela inaweza kuwa mpya na ringi mpya, na boti isiende, kwa sababu hewa inapenya mahali pampu inapokutana na mwili wa boti.

Kuijua, sharti ushushe pampu. Tenganisha kebo ya usukani na ya rivasi, kisha bolti. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini, na metali hizi mbili zikikutana na chumvi hushikana kabisa. Nyunyizia mafuta ya kupenya jioni, uyaache yalale humo. Asubuhi pasha alumini moto kidogo kwa bastola ya joto, si kwa gesi ya kuchomelea, maana kuna sili, kuna plastiki, na ngama inaweza kuwa na mvuke. Ndipo utumie spana ndefu ya mkono. Spana ya hewa siitumii kabisa kwenye kazi hii: haikwambii bolti inapoanza kujipinda, ila mkono hukwambia. Ukihisi inalegea kama mpira badala ya kuachia kwa ghafla, simama, irudishe ndani kidogo, ongeza mafuta, uitoe tena. Bolti ikikatika humo utahitaji kutoboa, na alumini ni laini kuliko bolti, hivyo kekee hukimbilia pembeni. Kazi hiyo mpe fundi mashine.

Ukitaka kutoa impela kwenye shafti, angalia kwanza kwenye kitabu hesi zake (mifereji ya skrubu) zinafunguka upande gani. Zipo zinazofunguka kinyume na mazoea, na nguvu upande usio wake huharibu shafti.

Pampu ikishashuka, tazama silikoni ya zamani pande zote. Kwenye boti ya mzee kulikuwa na silikoni nyeupe ya bafuni. Ilikuwa imebanduka upande wa juu, na chini yake kulikuwa na mstari mwembamba wa tope la kijani kutoka nje hadi ndani. Ule mstari ndio uliokuwa mlango wa hewa.

Bandua yote kwa kipande cha mbao au plastiki, si bisibisi, maana mkwaruzo ni njia nyingine ya hewa. Futa kwa asetoni hadi kitambaa kitoke cheupe. Paka silikoni ya majini kwa mstari mmoja usiokatika, uuzungushe kila tundu la bolti. Rudisha pampu, kaza bolti kwa kuvuka upande hadi upande, kidogokidogo, na kila bolti ipakwe grisi ya kuzuia kushikana, isipokuwa zile ambazo kitabu kinataka gundi ya hesi. Iache saa 24. Kwenye baridi ya Julai ya Nairobi mimi huongeza siku nyingine.

Ukiwa hapo angalia sili ya kaboni ndani ya boti, mahali shafti inapoingilia. Kaboni ikilika, au mpira wake wa kukunja ukichoka, hewa huingia hapo pia na maji huingia ngamani. Na kama pampu yako ina oili kwenye pua yake, fungua tone moja: ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekwisha.

Hatua ya 6: Usukani na rivasi

Kebo zikiwa ngumu, badilisha, usipake tu mafuta.

Hatua ya 7: Ziwani

Kabla ya kushusha boti, rudisha kizibo cha kutolea maji na hakikisha makaratasi yako na Kenya Maritime Authority yako sawa. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Usiwashe hadi maji yafike angalau mita moja. Naivasha limepanda sana miaka ya karibuni, hivyo ufukweni kuna nguzo za ua na migunga iliyozama. Na kaa mbali na viboko.

Usitafute kasi iliyoandikwa kwenye vitabu. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na supachaja hupoteza takribani moja ya tano ya nguvu yake kwa uchache wa hewa. Mizunguko ikipungua kidogo chini ya ile ya kiwandani, huo si ugonjwa.

La muhimu kuliko yote kwa anayeanza: boti ya jeti haina usukani ukiachia mafuta. Maji yanayotoka kwenye nozeli, mdomo wa pampu huko nyuma, ndiyo yanayoigeuza. Ukiona kizuizi mbele, silika itakwambia uachie mkono wa mafuta, na boti itaendelea moja kwa moja kuelekea palepale. Fanya mazoezi mahali peupe: punguza, geuza, ongeza kidogo, hadi mkono uzoee. Kamba ya ufunguo wa usalama iwe imefungwa kwako muda wote.

Baada ya robo saa rudi ufukweni ufungue kifuniko. Ngama iwe kavu, na kando ya sili pasiwe na matone.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Toa kizibo, safisha mfumo kwa maji kwa mpangilio wa hatua ya nne, na uvue kila jani la gugu maji kwenye wavu na trela. Kipande kimoja kinaweza kuota mahali pengine, kwa hiyo usikibebe hadi bwawa la Masinga. Ukifika nyumbani acha kifuniko cha injini wazi kikauke, tenganisha betri, na uegeshe trela omo (mbele ya boti) likiwa juu, kizibo kikiwa nje.